Manju wa Matobolwa

Jumamosi katika shule ile ya bweni, nje kidogo ya mji wa Bariadi, ilianza kwa sabuni. Wanafunzi walifua sare, wakazianika kwenye kamba, kisha wakafagia mabweni kwa bidii ya watu wanaojua kwamba matroni, Mama Anyesi, huinama na kuchungulia chini ya vitanda. Mchana walikula ugali na choroko. Kuanzia hapo mpaka jioni, muda ulikuwa wao.

Simu zilikatazwa shuleni hapo, na katazo hilo lililindwa kama benki. Kwa hiyo wapenzi wa gemu walibuni njia ya kuzicheza bila simu, bila televisheni na bila umeme: walizicheza kwa mdomo. Kila Januari, wakitoka likizo, kila mmoja alirudi na gemu aliyoipenda kuliko zote alizocheza mwaka uliopita, akawasimulia wenzake. Sheria ilikuwa moja tu: uwe umeicheza kwa mikono yako mwenyewe.

Lakini hapa ni Usukumani, na usimulizi haukuweza kubaki usimulizi tu. Uligeuzwa mbina, yaani mashindano ya ngoma kama yale ambayo wazazi wao huyafanya baada ya mavuno. Katika mbina, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watu hukimbilia kule kunakowapendeza. Hakuna majaji. Aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Basi wasimulizi wawili walisimama kwenye ncha mbili za uwanja nyuma ya bwalo. Gloria, kiranja wa darasa la saba, alipuliza filimbi, na wote wawili wakaanza kusema kwa pamoja. Filimbi ya pili ilipolia, kila msikilizaji aliganda alipo. Mshindi aliitwa Manju, kama kiongozi wa ngoma, na wiki nzima wenzake walitakiwa kumwamkia, "Mwangaluka, Manju," hata kama alikuwa anapiga mswaki.

Malimi wa darasa la sita aliijua mbina hiyo kwa uchungu. Mwaka uliotangulia alisimulia gemu ya mpira, akapambanishwa na Marcelo, aliyekuja na gemu ya majoka. Filimbi ya pili ilipolia, upande wa Malimi kulikuwa na Malimi. Alikuwepo pia bata wa mpishi, lakini ukweli lazima usemwe: bata alikuwa anapita tu.

Hakuna aliyemcheka kwa muda mrefu. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, maana hata kumcheka walisahau. Alikaa mwisho wa benchi wakati wa chakula. Wenzake walipogawana wawili wawili kukamua mablanketi, yeye alikamua na nguzo. Hakuna aliyemchukia, ilikuwa tu kwamba hakuna aliyemfikiria.

Januari hii alipangiwa Novatus, kijana kutoka Ngulyati aliyependwa na uwanja mzima. Gemu ya Novatus ilikuwa ya mashindano ya magari, naye alikuwa gari zima: injini, honi, breki na vumbi. Alipokata kona, wasikilizaji waliokuwa mbele yake waliinama upande mmoja.

Malimi hakuwa na gemu nyingine. Alikuwa na ile ile ya mpira, aliyoicheza likizo zote nyumbani kwao Lagangabilili. Alikuwa na jambo kuhusu gemu hiyo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, na alitamani kupata hata mtu mmoja wa kumwambia. Lakini alipofikiria kusimama tena mbele ya uwanja mtupu, aliisukuma chai yake pembeni. Ndipo alipolikumbuka debe.

Bibi yake alikuwa amempakia debe dogo la matobolwa. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama gome, na vitamu kiasi kwamba meno husamehe ugumu wake. Asubuhi ya Jumamosi, bombani, Malimi alimnong'oneza Marcelo kwamba leo upande wake wa uwanja utakuwa na matobolwa. Akamwomba asimwambie mtu. Marcelo alikuwa na sifa nyingi, lakini kutunza siri ya chakula haikuwa mojawapo. Kabla sare hazijakauka, shule nzima ilijua.

Filimbi ilipolia, Malimi alianza kusimulia huku mikono yake ikitoka na kuingia mifukoni. Walikuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Tobolwa si kitu cha kumeza haraka, na sauti ya kutafuna ikawa kama ng'ombe waliofika malishoni. Upande wa pili Novatus aliona watu wanapungua. Akaongeza mwendo. Akapiga honi, akapanda mlima, akafika kwenye daraja lililovunjika na kuliruka hewani, bila abiria hata mmoja wa kushangaa. Filimbi ya pili ikalia, na Malimi akawa Manju.

Jioni, kwenye benchi, alimuuliza Marcelo ni sehemu gani iliyompendeza.

"Zote, Manju," alisema Marcelo. "Hasa pale gari lilipopinduka."

"Kwangu hakukuwa na gari."

Marcelo alitafakari kama mtu anayetafuta jibu la mtihani. "Basi matobolwa yalikuwa mazuri," alisema. "Bibi ataleta mengine lini?"

Wiki hiyo Malimi alipata wageni wengi kitandani kwake kuliko matroni. Walimsalimia Manju kwa adabu, wakauliza habari za bibi, kisha macho yao yakateremka taratibu hadi kwenye debe. Hakuna aliyeuliza kuhusu gemu. Debe lilipokwisha, na salamu zikaisha. Malimi alijilaza akitazama upande wa chini wa kitanda cha juu, akagundua jambo ambalo hakulitegemea: uwanja ukiwa mtupu, angalau unajua uko peke yako. Ukijaa watu wanaotafuna, huna hata pa kulisema hilo.

Novatus, aliyeshindwa, aliomba marudiano, na Gloria akayakubali. Siku chache kabla ya Jumamosi, Malimi alipita nyuma ya tangi la maji akamkuta Novatus akifanya mazoezi peke yake. Aliunguruma kwa sauti ndogo, akasimama, akatikisa kichwa, akaanza upya. Alipomwona Malimi alimwita.

"Nataka kukuuliza kitu, ila usinicheke."

"Uliza."

"Nilikosea wapi?"

Novatus akaeleza kwamba alikuwa amewaza sana. Labda injini ilikuwa na kelele mno. Labda watu wamechoka na magari. Alikuwa ameamua kuliondoa daraja, kwa sababu watu walikuwa wameondoka alipofika pale.

"Wewe uliwaambia nini mpaka wakaja wote?" aliuliza, na hakukuwa na wivu katika swali hilo. Alitaka kujifunza.

"Ulikuwa vizuri tu," alisema Malimi.

"Ningekuwa vizuri wangebaki."

Novatus akageukia tangi, akaanza mbio zake upya bila daraja. Malimi aliondoka haraka. Lile daraja lilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Yeye mwenyewe, alipokuwa akigawa matobolwa, sikio lake moja lilikuwa kule likisubiri kujua kama gari litafika ng'ambo.

Jumamosi ilifika. Mwalimu Felisita, aliyekuwa wa zamu, aliketi kwenye ngazi za bwalo akisahihisha madaftari. Gloria alikuwa ameshaiweka filimbi mdomoni Malimi alipoinua mkono. Alisema kwa nguvu ili sauti ifike ncha ya pili ya uwanja.

"Wiki iliyopita mlikuja kwangu kwa sababu ya matobolwa. Nilifanya makusudi. Novatus hakukosea popote, na lile daraja asilitoe. Leo sina kitu cha kuwapa."

Akageuza mifuko yake nje. Marcelo aliikagua kwa macho, kwa uhakika zaidi. Watu wakatazama chini, na baadhi wakajifanya hawajui tobolwa ni mmea au mnyama. Filimbi ikalia, na wote wakaenda upande wa Novatus kwa mwendo wa watu wasio na hatia.

Malimi alibaki peke yake. Angeweza kukaa chini, na hakuna ambaye angeona. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshazoea ukweli kidogo, akaona autumie kabla haujapoa.

"Gemu yangu ni ya mpira," aliuambia uwanja. "Inachezwa na watu wawili. Mwaka mzima, kila likizo, niliicheza peke yangu."

Akasimulia kwamba mashine ya kuchezea gemu hiyo ilikuwa ya kaka yake, Jilala, aliyeinunua ikiwa mbovu akaitengeneza. Walikuwa wakicheza pamoja kila likizo na kugombana kila likizo. Kisha Jilala akaenda chuo Dodoma. Malimi alijaribu kushindana na mashine yenyewe, lakini mashine ikifungwa haibishi, wala haisemi jua lilikuwa linaipiga machoni. Kwa hiyo alizichomeka pedi zote mbili za kuchezea. Alicheza kidogo na yake, akasimamisha mchezo, akahamia kwenye kigoda cha kaka, akacheza na ile ya pili.

"Nikiwa Jilala nilicheza kama Jilala," alisema. "Nilipiga mashuti ya mbali hata yasipofaa. Nikimfunga, nilirudi kwenye kigoda chake nikabisha. Mayu, mama yetu, alikuwa jikoni, akauliza unacheza na nani. Nikamwambia, na kaka."

Kule kwenye ncha ya pili, gari la Novatus lilikuwa limefika darajani. Lilipunguza mwendo, likakohoa, likazima. Wasikilizaji wakasubiri liwake. Novatus akawapita katikati, akauvuka uwanja kwa miguu yake ya kawaida, akasimama mbele ya Malimi.

"Endelea," alisema. "Mlikuwa mnabishana kweli?"

"Sana."

"Na nani alikuwa anashinda?"

"Mara nyingi yeye. Hapendi kufungwa."

Wengine wakaanza kuja, safari hii bila kukimbia, wengine wakikanyaga taratibu kana kwamba mtu amelala. Gloria aliitazama filimbi yake. Mbina ina taratibu nyingi, lakini hakuna inayosema ufanye nini mshindani mwenyewe akihamia kwa mpinzani wake. Akaitia filimbi mfukoni, naye akaja.

Malimi akawaeleza mechi ya mwisho, ile ya siku moja kabla ya kurudi shuleni, pasi kwa pasi. Alikuwa akiongoza. Alihamia kwenye kigoda, akasawazisha kwa shuti la mbali, akaacha dakika zilizobaki ziishe.

"Kwa nini hukumaliza ushinde?" aliuliza Novatus.

"Sikutaka mmoja wetu abaki na huzuni peke yake."

"Una wazimu kidogo," alisema Marcelo.

"Kidogo," Malimi alikubali, na watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha aina ambayo anayechekwa naye yumo ndani.

Mwalimu Felisita alikuwa ameshayafunga madaftari zamani. Uwanja ule haukuwa mkubwa, na masikio ya mwalimu wa zamu ni makubwa kuliko uwanja. Aliposhuka ngazi, wote walisimama sawasawa. Kwanza akawataka wale waliokula matobolwa Jumamosi iliyopita wanyooshe mikono. Ikanyooshwa michache. Mwalimu akasubiri. Ikanyooshwa yote iliyobaki, isipokuwa ya Gloria na Novatus.

"Mnasoma kila siku kwamba anayetoa hongo na anayepokea wana kosa moja," alisema. "Novatus amekaa wiki nzima akijiona hafai, kwa sababu ninyi mlikuwa mnatafuna. Kosa hili ni lenu wote. Mapipa ya jikoni hayana maji, na bomba mnalijua lilipo."

Kisha akamgeukia Malimi, na sauti yake ikashuka.

"Ukimnunua msikilizaji, unapata mdomo wake tu. Masikio anabaki nayo. Leo umewaambia ukweli, tena ulioona aibu kuusema, nao wamekuja na masikio yao. Kingine, mwanangu. Ukiwa mpweke, sema, kwangu, kwa matroni au kwa mwenzako. Mtu hawezi kuja upande wako kama hajui kwamba unamsubiri."

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya, ndoo."

Wakaenda bombani kwa msururu mrefu, wakilalamika kwa kiwango kinachoruhusiwa. Malimi alichukua ndoo kubwa, kwa kuwa kosa lilianzia kwake. Alipogeuka, alimkuta Novatus, ambaye hakuwa ameonja hata kipande, ameshika mpini upande wa pili.

"Wewe huna adhabu," Malimi alimwambia.

"Najua," alisema Novatus. "Inua. Halafu nieleze tena lile shuti la kusawazisha, maana kipa wako sijamwelewa kabisa."