Loki ya Mlango wa Gari

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu, na mikono miwili ikaishika mota moja ya loki ya gari. Mmoja ulikuwa wa fundi cherehani, dada aliyevaa gauni la bluu alilojishonea. Wa pili, wenye rangi kwenye kucha, ulikuwa wa kijana mchora mabango.

"Dada, unajua hata inavyofungwa?"

"Sijui. Na wewe?"

"Hata mimi. Basi tusijue pamoja."

Dada alicheka, na kijana akasahau kuvuta. Mota ikaenda kwenye gari kuukuu la dada, lisilofungika, ambamo wezi walikuwa wameshaiba magauni ya wateja. Kijana naye akaifuata. Kila jioni waliketi uani, wameng'oa vishikio vya ndani vya milango na vioo, wakiunganisha nyaya na kubishana.

"Nyekundu inakwenda wapi, laazizi?"

"Kule isikokuchoma!"

Siku rimoti ilipobonyezwa na mlango ukajibu *tak!*, dada alimrukia kijana shingoni mbele ya mama yake. Mama akajifanya anatazama nguo kwenye kamba.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Mama aliingia garini kumngoja binti achukue mkoba. Loki zikajifunga zenyewe. Jua lilikuwa kali, rimoti haikufua dafu, na ndani hapakuwa na cha kushika, vishikio vilikuwa havijarudishwa. Jirani alipovunja kioo kwa nyundo, mama alikuwa amezimia.

Mchora mabango alifika mbio, brashi ingali mkononi. Mama alikuwa amelazwa kivulini, anafumbua macho.

"Umetaka kuniulia mama!" binti alipiga kelele, mtaa mzima ukisikia. "Toka! Nisikuone tena!"

Kijana akautazama mlango, nyaya zikichungulia pale kishikio kilipong'olewa, akaondoka.

Mama alipona. Wiki kadhaa baadaye binti alifungua ubao wa ndani wa mlango ule aing'oe mota, aiuze. Akaona nyaya mbili zimegusana, utepe uliozifunika umebanduka kwa joto. Kiungo kile alikuwa amekifunga yeye mwenyewe, akikataa kusaidiwa. Akampigia kijana simu.

"Ni mimi niliyekosea," alisema huku akilia.

"Najua. Niliona siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Mama yako yuko chini, halafu nikutwike na hilo?"

"Nisamehe, mpenzi. Rudi."

"Nimekusamehe zamani. Ila shida ya kwanza tu ilipotufika, uliniona muuaji. Kila nikikukumbuka nasikia sauti ile. Nilikupenda mno, fundi wangu. Siwezi kurudi."

"Hata kidogo?"

"Msalimie mama."

Simu ikakatika. Alibaki amekaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi, machozi yakilowesha gauni.

"Nani huyo, mwanangu?" mama aliita kutoka ndani.

"Mteja, mama," alijibu. "Amesema hatakuja tena."