Msumari Mdomoni

"Mwanangu, huyu kijana unamtaka?" mjomba akauliza.

"Ananitaka sana, mjomba. Hata tarehe tumeshapanga," akajibu seremala.

Sebuleni watu wakatazamana. Aliyeulizwa ni binti, fundi wa makochi, na alikuwa amekaa palepale, mdomo nusu wazi. Shangazi akakohoa. Binti akasimama, akabeba trei ya vikombe ambavyo hata havijaguswa, akaishia jikoni na hakurudi tena. Kikao kikavunjikia hapo.

Simu ikaita weee, hakupokea. Ikaingia meseji ya seremala: "Jamani, nimekosa nini?"

Akaandika, akafuta, akaandika tena: "Si leo tu. Mteja akiniuliza mimi, unajibu wewe. Nikisema kitu, hawaamini mpaka ukirudie. Nakupenda, ila siwezi kuolewa nikawa bubu. Kama utabaki hivyo, ndoa basi."

Alipoituma akalia, maana bwana mwenyewe alikuwa anampenda kufa. Si mlevi, si mkorofi, ila mdomo wake haukuwa na breki. Na binti miaka yote alikuwa anameza tu, akijiambia ndivyo wanaume walivyo.

Asubuhi wakakutana karakanani kwao, ambako seremala huunda fremu za makochi na binti huweka sponji na kitambaa. Kila mmoja akashika kazi yake. Mara akaingia mama mmoja, akampita binti kama hamwoni, akamuuliza seremala kochi lake livalishwe kitambaa gani. Seremala akavuta pumzi, tayari kuanza hotuba. Halafu akachota misumari, akaibana midomoni kama afanyavyo akiwa anagonga mbao, akanyoosha kidole kwa binti.

Yule mama akauliza tena, akapata kidole kilekile. Ikabidi ageuke. Binti akamweleza mwanzo mpaka mwisho bila kukatizwa, na mpaka mama anaondoka walikuwa wanacheka kama mashoga.

"Imekuuma?" binti akauliza.

Seremala akatema misumari kiganjani. "Ulimi unawasha. Kumbe naongea hivi? Nisamehe, mpenzi."

"Tutaona."

Wiki nzima, kila akiingia mteja, misumari mdomoni. Binti akaanza kumwekea iliyooshwa.

Jumapili wakarudi sebuleni. Mjomba akauliza swali lake upya, na macho ya watu, kwa mazoea, yakamgeukia mwanaume. Naye, na suti yake, akatoa msumari mfukoni akaubana midomoni. Shangazi akajifunika uso na mtandio, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Binti hakuwa na haraka. Akaeleza wanavyopendana, akaeleza alivyokerwa, akasema neno lake atalisema mwenyewe popote, kwa wateja na kwa wakwe. Seremala jasho linamtiririka, neno moja alilolisubiri halijatoka bado.

"Basi ndiyo, mjomba. Namtaka."

Kisha akamgeukia mchumba wake, akakinga kiganja.

"Lete huo msumari. Sasa unaulizwa wewe."