Gunia Lenye Uzi Mwekundu

Kila msimu wa korosho ulipoingia, Antonia alikuwa na kazi yake, na hakuna aliyemgombania. Asubuhi huzianika korosho kwenye turubai uani, mchana huzigeuza kwa mikono, jioni huzianua. Siku ya tatu mama yake, Apolonia, huchota konzi moja na kuitikisa sikioni. Korosho iliyokauka hulia ndani ya ganda lake, kacha kacha. Isiyolia hurudi juani.

"Korosho haisemi uongo," mama alizoea kusema. "Mwongo ni mtu."

Mwaka huo Antonia alikuwa na miaka kumi na miwili, na shule zilikuwa zimefungwa. Hapo kijijini kwao, Mtama, likatokea jambo ambalo hata majirani walikuja kuliuliza mara mbili mbili. Wanunuzi wa ng'ambo walikiomba chama cha msingi cha wakulima kipeleke wakulima wawili, mume na mke, wakaone korosho zinakokwenda. Kura ikamwangukia Klementi, baba yake Antonia. Watu ambao safari yao ndefu kuliko zote ilikuwa Lindi mjini kwenye harusi, leo wanapanda ndege kwenda Vietnam, katika mji wa Ho Chi Minh, kwa siku nne!

"Wifi, ukipewa chura usilete mchuzi nyumbani," shangazi Skolastika alimtania Apolonia. Yeye ndiye angebaki na Antonia.

"Nitakuletea mapaja, wifi yangu," Apolonia akajibu, wakacheka. Lakini kabla hajapanda gari alimshika binti yake bega. "Antonia, magunia matano yako tayari. La sita bado liko juani. Trekta ya chama inakuja Alhamisi saa sita. Mvua za siku hizi hazibishi hodi. Ukiona wingu hata dogo kama kiganja, anua. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Kusikia alisikia. Lakini nyie mnajua, sikio ni kitu kimoja na moyo ni kitu kingine.

Jumatano asubuhi shangazi alikwenda mazoezi ya kwaya akamwachia Antonia simu, maana wazazi walisema watapiga. Kweli wakapiga, tena kwa picha. Loo! Antonia alisahau hata kuamkia. Aliona majengo marefu ya vioo, jengo juu ya jengo, mpaka baba akainamisha simu nyuma kabisa na bado kilele hakikuonekana. Aliona pikipiki nyingi kama siafu waliomwagiwa maji. Moja imebeba baba, mama na watoto wawili, nyingine imebeba friji, nyingine imebeba mgomba mzima na ndizi zake.

"Saa ngapi huko?" baba aliuliza.

"Saa tatu asubuhi, baba."

"Huku saa saba mchana! Sisi tumekwisha kula, nyinyi ndiyo kwanza mnakunywa chai. Jua lenu tumelitumia kwanza sisi!"

Mama akaonesha wanawake waliobeba mzega begani, kikapu mbele na kikapu nyuma. "Mwone yule, Antonia. Kama babu yako na ndoo zake za maji. Kumbe ng'ambo ni mbali, lakini mabega ni yale yale."

Simu ilipokatika, Antonia alijiona mrefu. Baba alikuwa ametuma picha za video, na picha kama zile mtu hawezi kuzitazama peke yake. Akaiangalia turubai, akaliangalia jua, akakimbia na simu kwa rafiki yake Hamida, nyumba ya nne. Hamida akawaita wengine.

"Acha uongo, huyo siyo mama yako."

"Siyo mama yangu? Kitenge hicho hukijui?"

"Jamani, ni Mama Antonia kweli! Rudisha, rudisha pale penye friji!"

Wakarudisha mara kumi. Hakuna aliyetazama juu. Tone la kwanza lilipoanguka kwenye kioo cha simu, Antonia alidhani ni mate ya Hamida. La pili akajua. Alikimbia mpaka kandambili ikabaki njiani, lakini mvua ilimtangulia. Upande wa chini wa turubai ulikuwa kidimbwi, na korosho zinaelea.

Mvua yenyewe haikudumu hata nusu saa. Antonia alisimama kando ya turubai. Akamwaza mama, akamwaza shangazi, akaiwaza aibu. Kisha akafanya jambo la kipumbavu. Alizitia zilizolowa ndani ya gunia, chini kabisa, zilizo kavu akazimwaga juu, akalishona. Uzi wa katani ulikuwa umekwisha, akatumia uzi mwekundu wa mama wa kufumia.

"Uliwahi kuanua?" shangazi aliuliza aliporudi.

"Niliwahi, shangazi. Turubai tu ndiyo iliyolowa."

"Mtoto mzuri," shangazi akasema.

Alhamisi saa nne simu ikaita tena. Shangazi alikuwa jikoni. Uso wa mama uliingia kwenye kioo, machozi yakimtiririka, naye anacheka.

"Antonia, mwanangu, tumetoka kiwandani sasa hivi. Nimeyaona magunia yamepangwa mpaka darini, yameandikwa Tanzania! Nikayashika kwa mkono wangu. Wanawake mamia, koti jeupe, kofia nyeupe, wanachambua korosho mojamoja. Zinafika, mwanangu! Zile tunazookota tumeinama zinafika!"

Antonia alisisimka mwili mzima. Siku zote alidhani safari ya korosho inaishia ghalani.

"Wakatuonesha na gunia lililooza," mama aliendelea. "Mtu alifunga korosho mbichi chini na kavu juu. Zikafukuta humo, ukungu ukahamia magunia ya jirani. Bi Lan huyu hapa, anachambua mwaka wa thelathini sasa, alitaka kulia. Nikasimama, nikawaambia kupitia mkalimani, za kwetu anaanika binti yangu, nendeni mkaulize Mtama. Wakapiga makofi! Nikawaonesha picha yako."

Pembeni ya mama akatokea mwanamke mtu mzima, mwembamba, akampungia Antonia mkono. Antonia hakuweza kuuinua wa kwake.

"Sasa tumeshindwa kuvuka barabara," baba akadakia. "Mimi mto Lukuledi umefurika nimevuka, lakini hapa nimesalimu amri!"

Pikipiki zilipita bila kukatika. Baba akaichukua simu, na Antonia akaona Bi Lan anamshika mama mkono. Sauti ya mkalimani ikasikika: "Anasema, tembea polepole. Usikimbie, usisimame, usirudi nyuma. Ukisharudi nyuma ndipo utakapogongwa."

"Ee Mama Maria," Apolonia akanong'ona, akaweka mguu barabarani.

Antonia alishika pumzi. Hatua moja, ya pili, ya tatu. Zile pikipiki zikaanza kugawanyika, nyingine kulia, nyingine kushoto, kama maji yanavyolizunguka jiwe, na mama yake katikati, kitenge kikipepea, mpaka ng'ambo ya pili, baba akifuata nyuma na simu.

"Nimevuka! Umeniona?" mama akasema akiipokea simu. "Haya, nakata sasa."

"Mama, usikate."

"Nini?"

Antonia alitaka kurudi nyuma. Hakurudi. "Mama, gunia la sita lilinyeshewa. Nilikwenda kuonesha picha zenu. Nikazitia mbichi chini. Nimemdanganya shangazi."

Mama akaisogeza simu karibu na uso. Honi za mji ule zikalia nyuma yake.

"Ni gunia lipi?" mama akauliza taratibu.

"Lenye uzi mwekundu."

"Trekta imefika?"

"Bado."

"Mwite shangazi yako."

Shangazi alisikiliza, akamtazama Antonia. Akachukua kisu akaukata ule uzi. "Ingiza mkono mpaka chini."

Antonia akaingiza. Kulikuwa na joto humo, kama chini ya kuku anayeatamia. Usiku mmoja tu! Wakazimwaga zote juani. Saa sita trekta ikaondoka na magunia matano, na Antonia akamweleza dereva kwa kinywa chake kwa nini la sita halipo. Siku tatu aligeuza korosho bila kuondoka uani. Nyingine zilikuwa zimeharibika, zikashuka daraja la pili. Hakuna aliyemsaidia kuzichambua, wala hakuomba.

Wazazi waliporudi, Antonia alipiga magoti. "Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba." Mama hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye gunia, akachota konzi, akaitikisa sikioni. Kacha kacha. Ndipo akakaa.

"Nilirudi kiwandani kwa Bi Lan siku ile ile," alisema. "Nikamwambia, makofi yale nimeyapokea kabla ya wakati. Niliona aibu, Antonia. Lakini ningeona aibu kubwa zaidi kama ungenyamaza, gunia likafika huko likiwa na jina la nchi yetu."

Akamshika binti yake mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu.

"Mguu wako haujafika ng'ambo, mwanangu. Lakini mkono huu unafika kila msimu. Basi uufunze adabu, maana huko uendako wanakujua kwa huo tu."