Frankline wa Sindo, Uko Hewani

Koti la Frankline lilimkatalia katikati ya soko la Migori, siku watu walipojaa hadi barabarani na mikokoteni ikipiga honi za mdomo. Zipu ilikwama kifuani, haipandi haishuki, na jua lilikuwa linachoma kweli kweli. Akajitupa katika kibanda cha kwanza alichoona cherehani. Ndani aliketi msichana mrefu, gauni la kitenge cha kijani, utepe wa kupimia shingoni, sikio lote kwenye redio. Akamwomba ambadilishie sipu.

"Sipu sina," msichana akasema bila kuinua macho. "Zipu ninayo."

"Basi nipe hiyo uliyonayo."

Hapo akainua macho, wakacheka wote wawili, na mambo yakaanzia hapo.

Msichana mwenyewe ni Nyatichi, Mkisii, fundi wa nguo. Redio yake aliifunga kwa waya kwenye mguu wa meza, idhaa ya taifa, kuanzia taarifa ya habari ya asubuhi hadi salamu za jioni. Mteja akithubutu kuongea wakati wa habari alionyeshwa kidole mdomoni. Kiswahili chake, kile cha kusahihisha watu hadi machinga waliopita mlangoni, alikiokota humo. Frankline naye alikuwa Mjaluo wa Sindo, kule Homa Bay ufuoni. Kwa wavuvi alinunua mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, akawatia barafu na kuwaleta Migori kuuza. Tangu siku ile nguo zake zikawa zinaharibika kila juma, mara kifungo, mara kola. Alimwita Nyatichi jaber, yaani mrembo, naye Nyatichi akamsahihisha "sawadi" yake na "mesa" yake, na mapenzi yakakolea hivyo hivyo kwa utani.

Halafu ikaja ile simu. Nyatichi alimpigia asubuhi moja, Frankline akapokea huku bado anazungumza na mwenzake wa barafu. Nyatichi akasikia kwa masikio yake mawili: "Dolphine nimeshaposa. Emmaculate nitaposa kesho."

Wawili! Na baba yake Frankline, hilo Nyatichi alilijua, alikuwa na wake watatu bomani. Hakuuliza swali. Alikata simu, akaandika ujumbe mmoja, "Wape Dolphine na Emmaculate hongera zangu," kisha akambloki kila mahali. Frankline alipofika kibandani na samaki mkononi, alikuta mlango umefungwa na Nyatichi yuko ndani, kimya, anamngoja aondoke.

Shangazi Nyasuguta hakupoteza nafasi. Tangu zamani alitaka mpwa wake aolewe na Okari, mwenye duka la mbao na mabati pale Rongo, mtu mpole asiye na lolote baya wala lolote la kuchekesha. Jamaa za Okari walitaka jibu. Nyatichi, akiwa amevimba kwa hasira, akasema atalitoa Ijumaa jioni.

Ijumaa yenyewe ikafika. Alivaa gauni jeusi, akaketi kushona sare za shule, redio ikazungumza. Ulikuwa mjadala wa asubuhi, wasikilizaji wakipiga simu kulalamikia barabara.

"Frankline wa Sindo, uko hewani," akasema mtangazaji.

Sindano ikamchoma Nyatichi kidole. Frankline alikubali kwamba barabara ni mbaya, lakini mbaya kuliko zote, akasema, ni ile ya kumfikia mtu aliyekubloki. Mtangazaji akamshukuru haraka na kupokea simu nyingine.

Labda ni bahati tu, Nyatichi akajiambia. Lakini katika kipindi cha wakulima sauti ikarudi, ikamuuliza daktari wa mifugo dawa ya kuku asiyetaka kutoka kizimbani hata akibembelezwa. Katika kipindi cha afya ikasema ina maumivu ya moyo, daktari akauliza yalianza lini, nayo ikajibu yalianza Migori. Mama muuza nyanya wa kibanda cha jirani akavuta kiti na kuketi. Wateja wakaanza kungoja mlangoni, nguo zao zimekwisha zamani. Yule kijana, wakasemezana, leo hatoki hewani mpaka asikilizwe.

Nyatichi alitaka kuizima. Mkono ulifika hadi kwenye kifungo, ukarudi. Alimchukia na alikuwa na hamu naye, yote mawili kwa pamoja, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Baada ya habari za saa saba kikaja kipindi cha lugha, kile asichokikosa kamwe. Mwalimu alikuwa studioni kujibu maswali ya matumizi ya Kiswahili.

"Mwalimu, mimi ni Frankline wa Sindo." Sauti ilikuwa imechoka, lakini haikuwa imekata tamaa. "Msichana wangu ni msikilizaji wako. Alinisikia nikisema sentensi moja, akaniacha. Nimeirudia kichwani, sioni kosa. Nilikuwa naambia mtu wa barafu: samaki wa mashua iitwayo Dolphine nimeshaposa, wa Emmaculate nitaposa kesho."

"Umeposa samaki?" akauliza mwalimu.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa barafu. Sasa utaposa na nini kingine?"

Studio nzima ikasikika ikicheka. Mwalimu akajikaza. "Bwana Frankline, kuposa ni kupeleka posa, kuomba mke. Wewe unataka kusema kupoza. Kwa z."

"Si ndiyo nimesema? Kuposa."

Mwalimu akayarudia maneno yote mawili, moja moja. Kisha hewani, nchi nzima ikisikia, Frankline akasema taratibu, "Kumbe."

Nyatichi aliinamia cherehani akacheka hadi machozi yakalowesha sare ya mtoto wa watu, kisha machozi yakawa machozi ya kweli. Mashua! Majina ya mashua! Yeye aliyemsahihisha sipu siku ya kwanza kabisa, akashindwa kusikia herufi ile ile ilipomhusu. Hata ile "m" iliyokosekana hakuiona, maana aliyeposa mtu angesema nimemposa. Aliona haya, haya ya kumtoa jasho. Alimtesa mtu wiki nzima kwa sababu ya herufi moja, na ilibaki kidogo ajiozeshe Rongo kwa sababu hiyo hiyo.

Jioni Shangazi Nyasuguta akaingia amejifunga kitambaa cha hariri kichwani, simu mkononi, jamaa za Okari wakiwa tayari upande wa pili wanangoja. Kwenye redio kipindi cha salamu kilikuwa kimeanza.

"Haya, mwanangu. Niwaambieje?"

"Waambie asante, shangazi, lakini hapana."

Shangazi akafungua kinywa. Nyatichi akamwonyesha kidole mdomoni, maana simu yake mwenyewe ilikuwa sikioni na studio imepokea.

"Nyatichi wa Migori, uko hewani."

"Salamu zangu zimwendee Frankline wa Sindo." Akampa shangazi mgongo. "Mwambieni anisamehe, kosa lilikuwa la masikio yangu. Na ujumbe wangu ni huu: kupoza apoze huko kwao. Kuposa aje Migori, Jumapili, na wazee wake. Jumamosi ni Sabato, tutakuwa kanisani."

Mama wa nyanya akapiga kigelegele. Shangazi akaketi juu ya rundo la sare, akaikata simu ya Rongo polepole.

Mtangazaji alikuwa bado anacheka. Akasema kuna mtu wa Sindo kwenye laini ya pili, amengoja tangu kipindi cha lugha. "Frankline, umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Nakuja kuposa, jaber."

"Kwa s ama kwa z, bwana?" akauliza mtangazaji.

"Kwa hiyo moja niliyonayo."