Siku ya Kidonge, Siku ya Zabibu

Doreen Kowalczyk huendesha basi la manjano la shule hapa Worcester, Marekani. Mimi ni jirani yake, na humo basini nasimamia watoto. Tangu majira ya baridi, kila alipokaribia daraja la ziwani moyo ulimwenda mbio na mikono ikalowa jasho. Bosi alimwambia akishindwa kuvuka daraja, ataachia usukani. Doreen aliumia sana, maana anawapenda wale watoto, kelele zao na yote.

Daktari alimpa vidonge vya wasiwasi. Dada yake akamwandikisha kwenye mafunzo ya kutuliza fikra, wiki nane. Somo la kwanza kila mtu alipewa zabibu kavu moja, aitazame, ainuse, aile polepole, zoezi la kuifunza akili kutulia kwenye jambo moja.

"Zabibu moja dakika kumi?" mumewe Stan alicheka. "Ukipewa kuku mzima si utamaliza Krismasi!"

Doreen akachanganyikiwa. Kidonge au zabibu? Akajipangia mwenyewe: siku ya mazoezi hamezi, siku asiyofanya mazoezi anameza. Jamani! Baada ya wiki mbili akashikwa na kizunguzungu, kichwa kikawa kama kinapigwa shoti ya umeme. Akaja kwangu analia. Mimi sijui lolote, nikamwita Marisol wa ghorofa ya juu, ambaye ni muuguzi.

"Shoga, nani kakwambia uchague kila asubuhi, kama soksi?" Marisol alimwuliza.

"Si vinapingana?"

"Wapi! Dawa hii humezwa kila siku, na huchukua wiki kadhaa kusaidia. Ukiirukaruka, mwili unalalamika. Mafunzo nayo yanataka mazoezi ya kila siku. Yamewasaidia watu wengi, karibu sawa na dawa."

"Sasa kipi bora?"

"Inategemea mtu. Wengine hiki, wengine kile, wengine vyote. Kaa na daktari mpange. Na usiguse usukani mpaka kizunguzungu kiishe."

Doreen alipumzika kazi. Daktari akampangia kidonge kila siku, na mafunzo akaendelea nayo. Siku hizi hata Stan hufanya naye mazoezi asubuhi, ingawa mara nyingi husinzia.

Mwezi wa Mei, daktari alipomruhusu, tulilifikia tena daraja. Nikaona shingo yake inakakamaa.

"Umekuja?" alinong'ona.

"Nani?" nikamwuliza.

"Wasiwasi." Akavuta pumzi, kisha akauambia kwa ile sauti yake ya kukaripia watoto, "Haya, kaa kitini! Tunavuka."

Watoto thelathini wakakaa. Hata mimi nikakaa. Tukavuka.