Risasi Jikoni kwa Mwatum

Miaka michache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, katika kiambo kimoja karibu na Mtambile, aliishi mwanamke aitwaye Mwatum. Mumewe, Masika, alilima mpunga na kuwinda ndege. Alikuwa na gobori, bunduki ya kushindilia, aliloachiwa na baba yake. Asubuhi alikwenda bondeni, na mara nyingi alirudi na njiwa au kanga, aliowahi kuwachinja kabla hawajakata roho. Watu walimsifu kwa shabaha yake.

Marisau, zile punje za kutilia bunduki, Masika aliyatengeneza mwenyewe. Aliokota risasi, yale madini mazito na laini, kwenye vyubwi vya kuzamishia nyavu zilizochakaa na kwenye bitana ya masanduku ya chai. Aliiyeyusha jikoni katika kikaango kibovu, kisha akaimimina kwenye kopo lenye vitundu. Matone yalidondoka ndani ya ndoo ya maji na kuganda. Kazi ikisha, ndoo ilisuuzwa ikapelekwa kisimani. Mwatum hakuona ubaya wowote. Jiko lilikuwa moja, na ndoo ilikuwa moja.

Binti yao, Duni, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema. Alicheza jikoni kutwa, akichimba mchanga na kutia kinywani kila alichokiona. Basi ikaja siku Duni akashika tumbo, akalia. Choo hakikupatikana. Uso wake ulipauka. Mtoto aliyekuwa akifukuza kuku uani, sasa alikaa mlangoni ameegemea nguzo, hataki kula.

Shangazi yake Mwatum alisema mtoto haugui bure, lazima pana jicho la mtu. Neno hilo lilimwingia Mwatum. Akamkumbuka jirani yao Bi Kijakazi, mjane asiye na mtoto, aliyependa kumbeba Duni na kumpa ndizi. Si ndiye aliyesema siku ile, "Mtoto huyu mzuri, hata naogopa kumtazama"? Toka hapo Mwatum akaufunga mlango wa ua. Ndizi za Bi Kijakazi zikatupwa. Duni alipomlilia bibi wa jirani, mama yake alimvuta ndani.

Bi Kijakazi naye alikuwa na lake moyoni. Kuku wake walikuwa wakifa. Walipekua uani kwa Masika, kisha wakarudi wamelegea shingo, na siku chache baadaye wakaanguka. Yeye aliamini Masika amewatilia sumu. Wanawake hao wawili wakapishana njiani bila ya salamu.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alimsomea Duni na kumpa kombe, maji ya aya, anywe. Alipoona mtoto hapati nafuu, aliwaambia wazazi kwamba dua na dawa havigombani, wampeleke spitali. Mwatum alisita. Aliwaogopa watu wa serikali na machupa yao. Lakini mtoto alikuwa anapungua machoni pake, basi akambeba.

Spitali walimkuta Bwana Abrahman, dresa, msaidizi wa daktari. Alimpapasa Duni tumbo, akamtazama macho na ufizi. Hakutoa dawa upesi. Aliuliza baba anafanya kazi gani, chakula kinapikwa wapi, na mtoto anacheza wapi. Mwatum alijibu kwa mkato. Alijiuliza huyu bwana anachunguza nini. Dresa aliposema atakuja kuiona nyumba, shaka yake ilizidi.

Alikuja kweli. Alikuwa amechutama jikoni, anauchambua mchanga kwa vidole, Bi Kijakazi alipoingia bila ya kupiga hodi. Mkononi alikuwa na firigisi ya kuku juu ya jani la mgomba. Alikuwa amemchinja kuku aliyekaribia kufa, akampasua.

"Masika," alisema, "kuku wangu umewalisha nini?"

Ndani ya firigisi mlikuwa na marisau, yamelika kama sabuni.

Masika alikasirika. Aliapa kwamba hajamlisha kuku wa mtu. Bwana Abrahman akasimama katikati yao, akaomba aione ile firigisi.

"Hakuna aliyewalisha," alisema. "Kuku humeza vijiwe vya kusagia chakula. Hajui kutenganisha kijiwe na risasi. Firigisi ikiisaga, sumu yake huingia kwenye damu. Ndege wa bondeni nao huyaokota marisau yaliyoanguka, wakafa vivyo hivyo."

"Na mwanangu?" aliuliza Mwatum.

"Mwanao anakula vumbi la hapa. Risasi ikiyeyushwa, moshi wake hutua kwenye sufuria, ukutani na mchangani. Na ndoo hii mnanywea maji."

Kisha akamtaka Masika anyooshe mikono. Mkono wa kulia ulilegea kifundoni. Masika alikuwa akisema ameteguka tu. Dresa akamfunua mdomo, akamwonyesha Mwatum mstari wa rangi ya samawati kwenye ufizi wa mumewe, alama ya risasi iliyoingia mwilini. Mwatum aliutazama, kisha akamtazama Bi Kijakazi.

Habari zikaenea. Baada ya sala ya Ijumaa, wawindaji walijaa barazani kwa Masika, na dresa akaitwa. Wengi hawakumwamini. Safari, mwindaji mwenye sauti nzito, alisema, "Leo risasi ina sumu. Kesho baruti ina sumu. Keshokutwa bunduki zetu ziko bomani."

Bwana Abrahman alijibu kwamba hakutumwa kuchukua bunduki ya mtu. Alichotaka ni watu waache risasi, watumie chuma.

"Chuma kitakwaruza mtutu," alisema Masika.

"Kweli, kinaweza kukwaruza," alisema dresa. "Tena ni chepesi, hakifiki mbali. Sisemi ni sawa na risasi. Nasema hakitamwingia mtoto kwenye damu."

Watu wakanung'unika. Ndipo Mwatum akasema kutoka nyuma ya mlango, "Baba Duni, nyumba hii ina mtutu mmoja na mtoto mmoja. Kipi kikiharibika fundi atakitengeneza?"

Masika aliinamisha kichwa. Safari aliondoka akilalamika. Wengine walibaki, wakaanza kuuliza namna ya kufanya.

Kesho yake Masika aliuchimba mchanga wa jikoni na kuufukia mbali na kisima, pamoja na risasi iliyobaki, kikaango na ndoo. Mwatum alisugua kuta na sakafu kwa maji, kwani dresa alimwonya asifagie pakavu, vumbi lisije likaruka. Silima, mhunzi, alimkatia Masika vipande vya waya wa chuma. Masika alivifunga kwenye kitambaa kabla ya kuvishindilia, ili visikwaruze mtutu. Ikambidi amkaribie ndege zaidi, na mwanzoni alirudi mikono mitupu. Akaanza kuwanasa njiwa kwa ulimbo wa utomvu wa fenesi. Ufundi huo alifundishwa na Bi Kijakazi.

Maana Mwatum alikuwa amekwenda kwake. Alimwambia wazi kwamba alimdhania jicho, na kwamba ndizi zake alizitupa. Bi Kijakazi alimvutia kigoda. Kisha akasema na yeye alimdhania Masika sumu, basi wasameheane.

Duni alipewa haluli ya kulainisha tumbo, maziwa, mayai na mchicha. Hakupona kwa siku moja. Miezi ilipita ndipo mashavu yake yakarudiwa na rangi, na mkono wa Masika ulichukua muda mrefu zaidi. Siku moja mke wa Safari alikuja kwa mlango wa nyuma amembeba mwanawe aliyeshika tumbo. Aliuliza kwa sauti ya chini ule mstari wa ufizi hukaaje. Mwatum alimkaribisha akae. Duni alikuwa miguuni pake, anavuta kanga yake, anataka kutoka uani.

"Nenda," alimwambia. "Nenda kwa bibi yako Kijakazi."

Duni akakimbia peke yake, na Mwatum hakumfuata.