Nani Mwingine Alijua Saa

"Kaka, usiiname. Na usigeuke."

Kijana aliyekuwa mbele ya dada aliyesema hivyo kwenye foleni ya vitambulisho akaganda pale pale. Ofisi ilikuwa imefurika, watu wamebanana mpaka ukutani, feni moja inazunguka kwa uvivu, na karani anaita namba kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na dunia. Tangu kijana yule aingie kila mtu alitaka kupiga naye picha. Alipochuchumaa ili alingane na bibi mmoja mfupi, suruali yake ya kijivu ikaachia mshono wa nyuma, kuanzia kiunoni hadi pasipotajwa.

"Imefika wapi?" akanong'ona.

"Imefika pabaya. Rudi nyuma taratibu mpaka kwenye lile kabati. Mimi ni fundi cherehani, sindano ninayo."

Akamshona akiwa amesimama, nyuma ya kabati la mafaili. Fundi mwenyewe alivaa gauni la bluu la pamba lenye kola nyeupe iliyopigwa pasi ikakubali, na pini tatu kifuani kama nishani za jeshi.

"Unanijua mimi ni nani?"

"Wewe ni mtu aliyeshonewa suruali na fundi mwongo. Tulia, nitakuchoma."

Alimjua, nani asingemjua? Nyimbo zake zilipigwa kila saluni na kila gereji, na kwa ile sauti yake kama ya njiwa watu walimwita Ninga. Lakini fundi hakutaka kumpa raha hiyo.

"Nikulipe nini, dada?"

"Nipe nafasi yako kwenye foleni."

Akampa. Namba ya simu ya fundi ndiyo iliyomsumbua Ninga. Aliiomba mara tatu.

Baada ya hapo hakukuwa na siku iliyopita bila simu kulia katika chumba cha fundi, ghorofa ya tatu, jengo la mafundi, penye cherehani mbili: moja yake, moja ya shangazi yake aliyemlea.

"Fundi wangu, umeniwaza leo?"

"Nimekiwaza kiuno chako."

"Alaa."

"Kimeongezeka inchi moja. Punguza kula."

Shangazi alikuwa akisikia, anainamia kazi yake na kutabasamu. Miezi saba ikapita hivyo, na mapenzi yakakolea kimya kimya.

Ndipo walipoibuka watu waliojiita Fagio. Walisema nchi imechafuka, na uchafu wenyewe ni watu ambao babu zao walizaliwa ng'ambo ya mpaka. Walijua hakuna anayewasikiliza, kwa hiyo wakawaendea wale wanaosikilizwa. Kila mtu maarufu alitumiwa tamko la ukurasa mmoja: lisome mbele ya kamera, useme Fagio ndio wokovu wa nchi, la sivyo utafagiwa. Mcheza mpira mmoja alisoma huku midomo inamtetemeka. Mchekeshaji mmoja, mama wa watoto wawili, alikataa. Wakammwagia tindikali getini kwake saa moja asubuhi, akiwa ameshika mikoba ya shule ya wanawe. Jioni yake wakaandika kwamba nchi imepungua taka. Wanaume wazima, waliozaliwa na mama zao, wakakaa wakaliandika neno hilo. Mungu si kipofu.

Ninga naye alitumiwa lake. Alijibu redioni: "Mimi siimbii mtu anayemchoma mama wa watu."

Fundi akampigia. "Umesema kweli, na nimejivuna. Sasa uwe unaangalia nyuma yako."

"Nyuma yangu si unaiangalia wewe? Ndivyo tulivyojuana."

"Sitanii, mpenzi."

"Najua hutanii."

Akaandaa tamasha la kumchangia yule mchekeshaji matibabu, na fundi akamshonea koti jeupe la kupandia jukwaani. Jumatano alikuja kulijaribu. Lilimkaa mabegani kama alizaliwa nalo. Fundi akalibana pini hapa na pale, wakapatana kwamba Ijumaa saa kumi Ninga atarudi kulichukua, kisha Ninga akampa shangazi simu ampige picha. Saa hiyo fundi hakumtajia mtu mwingine.

Ijumaa saa kumi, Ninga alibaki kwenye gari kumaliza maongezi ya simu. Kaka yake, mtoto wa mama yake mkubwa aliyekuwa pia dereva wake, akavaa kofia ya Ninga kwa mzaha na kutangulia kupanda ngazi. Kwenye ghorofa ya pili walikuwapo vijana wawili. Wakampiga risasi mbili, moja begani, moja kwenye nyonga, kisha wakashuka wakitembea kama watu waliotoka kuchukua nguo zao.

Fundi ndiye aliyeyaziba matundu yale kwa kitambaa cha bitana, magoti yake yakiwa kwenye damu, mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Saa mbili baadaye simu yake ikalia.

"Anaendeleaje?" akauliza haraka.

"Yuko chumba cha upasuaji." Sauti ya Ninga ilikuwa kavu. "Nani mwingine alijua saa?"

"Sikuelewa."

"Saa kumi. Niliijua mimi, wewe na shangazi yako. Kaka nilimwambia tukiwa njiani. Nani mwingine?"

Fundi akaitazama mikono yake. Damu ilikuwa imekaukia kwenye kucha.

"Unaniuliza mimi hivyo?"

"Nauliza tu."

"Hapana. Swali kama hilo haliulizwi tu." Akakata simu.

Mpelelezi, mwanamke mnene mwenye miwani, alimhoji siku mbili na hakupata kitu. Lakini ulimi wa watu hauhitaji ushahidi. Wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, hata vilivyokwisha kukatwa. Mpiga pasi wa chumba cha jirani, aliyeazima mkasi wao miaka sita bila kuchoka, akaanza kusalimia ukuta. Ninga hakupiga simu tena.

"Lia basi, mwanangu," shangazi alimwambia. "Utapasuka."

"Sina machozi, shangazi. Nina hasira."

"Hasira nayo hupelekewa Mungu."

"Nitampelekea. Ngoja kwanza niifikishe kwa mwenyewe."

Siku ya tisa aliingia binti wa saluni, ambaye hakujali maneno ya watu mradi nguo ikae vizuri. "Dada, nataka koti kama hili," akasema, akanyoosha simu.

Ilikuwa ile picha ya Jumatano. Ninga alikuwa ameiweka mtandaoni siku ile ile, kifua mbele, meno yote nje. Fundi akaikuza kwa vidole viwili. Kwenye mkono wa koti kulikuwa na kikaratasi. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote: nguo ikijaribiwa hupachikwa kikaratasi, ili ajue ipi inatangulia. Mwandiko wake mwenyewe, mkubwa, wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa ubao na chaki: *Ninga. Ijumaa saa 10. Anakuja mwenyewe.*

Watu laki mbili walikuwa wameitazama.

"Dada, vipi? Mbona umekaa chini?"

"Niazime simu yako saa moja," fundi akasema.

Hospitalini alimkuta Ninga kando ya kitanda cha kaka yake, shati limekunjamana, ndevu hazijanyolewa. Hakumsalimu. Aliweka ile simu mapajani mwake.

"Soma mkono wa koti."

Ninga akasoma. Akasoma tena.

"Mimi niliandika kikaratasi hicho," fundi akasema. "Wewe ukatangaza. Sasa niulize tena nani mwingine alijua saa."

Kaka yake akafungua jicho moja. "Kumbe nimepigwa risasi na kikaratasi," akasema. "Msinichekeshe, mshono unauma."

"Fundi, nisamehe," Ninga akasema.

"Kaa hapo hapo. Sijamaliza. Umenijua miezi saba. Damu ya kaka yako ilinikaukia mikononi, ukaniuliza kama mshitakiwa. Siku tisa watu wananitemea mate, nawe umekaa kimya. Kwa nini hukuja?"

Ninga akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Fundi akaifungua. Lilikuwa tamko la Fagio, na chini yake maneno ya kalamu: *Usiposoma, fundi wako ndiye anayefuata.*

"Ililetwa siku ya tatu," Ninga akasema. "Hapo nikajua huna kosa. Nikaona nikija kwako nawaonyesha njia. Nitalisoma kesho asubuhi redioni, wakuache. Halafu nitajiondokea zangu, nisikuletee hatari tena."

Watu wengi wangelia hapo, wakakumbatiana. Fundi hasira ndiyo kwanza ilimpanda.

"Kwa hiyo ulijua sina kosa tangu siku ya tatu, ukaniacha niitwe msaliti siku sita. Na sasa unataka kuuza nchi nzima kwa ajili yangu, eti umeniokoa. Yule mama wa watoto, uso wake umeungua kwa kukataa karatasi hii hii. Utamwambia nini? Kwamba wewe ulikuwa na mchumba?"

"Watakuua."

"Pengine. Roho yangu ina mwenyewe, na mwenyewe si Fagio. Ila ukisoma, usinipigie simu tena mpaka tunakufa."

Akachukua simu ya binti wa saluni na kuondoka.

Ninga alikaa na ile karatasi mpaka dripu ya kaka yake ikaisha. "Mdogo wangu," kaka yake akasema, "mwanamke yule alinishikilia roho yangu kwa vitambaa. Ukisoma, na mimi usinipigie." Ninga akanyanyuka, akaenda kumtafuta yule mpelelezi mwenye miwani.

Asubuhi fundi na shangazi yake waliwasha redio. Mkasi wa fundi ukasimama juu ya kitambaa.

"Nimeletewa karatasi nisome," sauti ya Ninga ikasema, "na sisomi. Waliompiga kaka yangu walijua saa kwa sababu mimi kwa kujisifu niliianika mtandaoni. Fundi wangu mmemtukana bure, na wa kwanza kumkosea ni mimi. Leo saa sita mchana nitapanda ngazi za jengo la mafundi kumwomba radhi yeye na shangazi yake. Anayetaka kunipiga, ndio saa."

Fundi akampigia mara moja. "Una wazimu? Umetangaza tena!"

"Safari hii nimetangaza nikijua. Mpelelezi amekubali."

"Na mimi nimeulizwa?"

"Hapana."

"Utanieleza na hilo ukija."

Saa sita ngazi zilijaa. Walikuja wapenzi wa nyimbo, waliokuja kushangaa, na wateja waliochukua vitambaa vyao, macho chini. Ninga alipanda katikati yao, shati jeupe, kichwa wazi. Alipofika ghorofa ya pili, mpiga pasi, aliyekuwa akichungulia kutoka ghorofa ya tatu, akaona kijana mmoja kwenye umati amevaa jaketi zito juani, mkono umezama ndani yake. Mtu wa pasi hajui siasa, ila anajua nguo ya msimu gani.

"Hilo jaketi, wewe," akaita, "linataka kupigwa pasi?"

Kijana akachomoa bastola. Hakupata nafasi hata ya kuinyanyua. Watu walimwangukia kama ukuta, na askari waliovaa kiraia wakamtoa chini yao akilia na kumwita mama yake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini. Kabla ya jioni aliwataja wenzake wawili. Waliomtuma, wenye viti vya kunesanesa na walinzi getini, hakuwataja, nao hawajaguswa mpaka leo.

Ninga alifika ghorofa ya tatu anahema. Akapiga magoti sakafuni, mbele ya cherehani mbili, umati wote ukisikia.

"Shangazi, nimemvunjia mwanao heshima. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe," shangazi akasema. "Mwenye hasira ni huyo."

Ninga akageuka. "Fundi, najua sina haki ya kuomba kitu leo. Lakini nikiona kesho, nataka niione nawe. Nikuoe?"

Nje kwenye ngazi watu waliacha hata kukohoa.

"Nakubali," fundi akasema. "Ila bado nimekukasirikia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wakamatwe wale waliomtuma."

"Na wakikamatwa?"

"Hapo tutaangalia. Nyanyuka, unachafua suruali."